Uliza Mshahara Kabla Hujakaa Kitini

Mtoto wa dada yangu amemaliza shahada ya sheria. Alipokuja kwangu Malindi kutoka Amu, yaani mji wa Lamu, hata buibui hajavua, akaniuliza: "Mama mdogo, nikipata kazi nitalipwa ngapi?" Nilifurahi. Swali hilo mimi sikuliuliza wakati wangu, na nililia kwa sababu yake. Nililomjibu yeye nawapa na nyinyi.

Anza na hesabu ya muda. Miaka 4 ya chuo haikufanyi wakili. Bado kuna Kenya School of Law kule Karen, Nairobi, mitihani ya Baraza la Elimu ya Sheria, na miezi 6 ya uanagenzi chini ya wakili aliyefanya kazi si chini ya miaka 5. Ndipo uapishwe mbele ya Jaji Mkuu. Muda wote huo pesa zinatoka, haziingii. Waambie wazee nyumbani mapema, wasidhani joho la mahafali ndilo mwisho wa karo.

Uanagenzi ndipo wengi tunapoumia. Ofisi nyingi hazilipi kitu, nyingine hutoa nauli tu. Mimi niliahidiwa 8,000 kwa mwezi, na chumba changu Maweni kilikuwa 4,500. Miezi miwili nililipwa. Wa tatu kimya, wa nne kimya. Nilipokwenda kuuliza, nikaambiwa sikuahidiwa kitu, na sikuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha. Mwanasheria mzima, kila siku nawaandikia watu mikataba yao, wangu sina!

Basi omba barua kabla ya siku ya kwanza. Mistari mitatu yatosha: kiasi, tarehe ya kulipwa, na nani anabeba gharama za safari. Hili la safari msilidharau. Ukitumwa mahakama ya Lamu, kuna basi hadi Mokowe, kuna boti ya kuvukia Amu, na mara nyingi kuna usiku wa kulala. Sema kwa adabu, lakini sema: "Wakili, nashukuru sana kwa nafasi hii. Naomba kujua posho ni kiasi gani, na nikitumwa Lamu nauli inatoka wapi?" Mwenye nia njema hatakasirika.

Ukishaapishwa, soma kifungu cha 32 cha Sheria ya Mawakili. Kinakutaka ufanye kazi ya kuajiriwa miaka 2 kabla ya kufungua ofisi yako. Kwa hivyo mshahara wa kwanza utaishi nao muda mrefu. Usiukubali kwa haraka. Ukiambiwa utapata asilimia badala ya mshahara, uliza: asilimia ya ada iliyoandikwa, au ya ada iliyokwisha kulipwa na mteja? Kati ya hizo mbili unaweza kulala njaa.

Zamani kijana wa hapa alipata chochote kwa kusimama kortini kwa niaba ya mawakili wa Nairobi. Tangu 2020, kesi nyingi za kutajwa husikizwa kwa video, na wakili anasimama mwenyewe akiwa ofisini kwake Westlands, huko huko Nairobi. Usipange kodi ya nyumba kwa pesa hizo.

Kilichobaki ni kazi inayotaka miguu na lugha, na huku kwetu hiyo ni ardhi. Kukagua shamba Magarini, kutafuta rekodi kwenye masjala ya ardhi, kumsikiliza mzee anayesimulia mipaka kwa Kigiriama: hayo hayafanyiki kwa simu. Mwaka 2018 Mahakama Kuu hapa Malindi iliwapa wavuvi wa Lamu fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa madhara ya ujenzi wa bandari. Isome hukumu ile yote. Jifunze na mirathi, maana familia nyingi za hapa huenda kwa Kadhi zikitafuta mtu wa kuzieleza. Ofisi ya mwendesha mashtaka na serikali za kaunti nazo huajiri. Fuatilia matangazo yao.

Juzi binti yetu ameitwa na ofisi moja mjini. Ameondoka na kidaftari, maswali manne yameandikwa ukurasa wa kwanza. La nne ni la boti ya Mokowe.