Kurivaizi kwa simu ya mama bila kumaliza bando

Kama unasoma shule ya kutwa na simu ya mama unaipata usiku tu, YouTube achana nayo kwanza, bando litakata hata daftari hujafungua. Ingia saiti ya NECTA, lile baraza la mitihani la Tanzania, tafuta zile ripoti za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, daunlodi PDF ya somo moja tu, tuseme Kemia, ikishaingia zima data maana WhatsApp ikianza kulia umekwisha. Humo wanakuwekea jibu zuri na bovu kwa mwandiko wa mtahiniwa mwenyewe, mengine utacheka kumbe na wewe ungeandika hivohivo. Soma swali, laza simu kifudifudi, jibu kwenye kaunta buku, ndo ufunue usahihishe. Mi nilikuwa nakariri kwenye kioo cha simu tu, mtihani ukaja nikabaki natoa macho.