Manukato ya mwanaume: angalia kwanza nani atakaa karibu nawe

Wanaume wengi wanaofika kwenye kaunta yangu huuliza kabla hawajanusa chochote: "Ipi inakaa sana?" Nawaelewa. Mtu anatoa hela yake, anataka harufu imfikishe jioni. Lakini miaka niliyouza manukato imenionyesha kwamba swali hilo ndilo linalowapeleka kwenye chupa isiyowafaa. Manukato yanayokaa sana mara nyingi ndiyo yenye kishindo, na kishindo hakitakiwi kila mahali. Kwa hiyo na mimi huwauliza: siku hiyo utakaa na nani, karibu kiasi gani, kwa muda gani? Na akichoshwa na harufu yako, ana pa kusogea?

Hilo la mwisho ndilo zito. Mtu mliyekutana uwanjani, harufu ikimzidi atarudi nyuma hatua mbili na mazungumzo yataendelea. Mwenzako wa ofisini ambaye meza yake imegusana na yako hana pa kwenda mpaka saa ya kutoka. Abiria wa kiti cha pembeni ndiyo kabisa. Ndiyo maana mimi sigawi manukato kwa "ya mchana" na "ya usiku" kama matangazo yanavyogawa. Nagawa kwa nafasi na hewa. Penye upepo na uwazi, jiachie. Palipobana na madirisha yamefungwa, punguza.

Soma chupa, halafu iachie ngozi iamue

Maneno ya Kifaransa yaliyo kwenye chupa yanakueleza kiasi cha mafuta ya harufu yaliyochanganywa na spiriti. Eau de cologne huwa na asilimia 2 hadi 5 hivi, eau de toilette 5 hadi 15, eau de parfum 15 hadi 20, na ile iliyoandikwa parfum peke yake hufika 20 hadi 30. Kila kampuni ina vipimo vyake, kwa hiyo chukulia hayo kuwa makadirio. Na usidhani asilimia kubwa ndiyo ubora. Johann Maria Farina, Mwitaliano aliyehamia Köln, Ujerumani, ambako nyumba yake ya biashara ilianza mwaka 1709, alitengeneza eau de cologne yake, maji ya limau, machungwa na bergamoti (tunda la jamii ya machungwa), ili yamburudishe mtu. Kuisha upesi ni sehemu ya tabia ya maji hayo. Mafuta ya matunda hayo ni mepesi na huruka haraka, wakati utomvu, miti na vanila ni vizito na hubaki nyuma.

Hapo ndipo wateja wengi wanapokosea. Chukua Terre d'Hermès, iliyotungwa na Jean-Claude Ellena na kutoka mwaka 2006. Jipulizie mara moja kwenye mkono, kisha uifuatilie. Mwanzo ni chungwa, lakini si maji ya chungwa: ni ganda lenyewe ukilikwangua kwa ukucha, lenye uchungu kidogo na lile vumbi la mafuta linalorukia kidoleni. Pembeni kuna balungi. Mara pilipili manga inachungulia, na kitu kikavu chenye madini, harufu ya gumegume lililogongwa. Ukirudi kuinusa baadaye, chungwa limebaki kwa mbali na mizizi ya vetiva, aina ya nyasi, imeshika usukani pamoja na mwerezi: udongo mkavu, majani makavu, ubao. Mteja aliyelipa dakika ya kwanza amenunua chungwa, ila atakayeishi naye ni vetiva. Asipoipenda vetiva, chupa itakaa kabatini.

Kwa hiyo fanya hivi. Tumia vikaratasi vya kunusia kuondoa usiyoyataka, kisha yale mawili yaliyobaki yapake kwenye ngozi, moja kila mkono, na uondoke dukani. Nenda kwenye shughuli zako. Nusa baada ya nusu saa, kisha baada ya saa tatu au nne. Muuzaji anayekuharakisha anajali mauzo kuliko pua yako. Na ukihisi pua imechoka, toka nje uvute hewa, au nusa mkono wa shati lako mwenyewe. Vibakuli vya buni vinavyowekwa kaunta ili kupumzisha pua havizidi hapo.

Kazini na siku za kawaida

Kwa siku za kawaida tafuta harufu ambayo mwenzako ataisikia ukiwa umemkaribia kupeana mkono, na ukipita iwe imeondoka na wewe. Familia ya machungwa, ya majani na ya maji ndiyo inayofaa hapa. Cool Water ya Davidoff, kazi ya Pierre Bourdon ya mwaka 1988, na Acqua di Giò ya Giorgio Armani ya mwaka 1996 zimevaliwa na watu wengi kiasi kwamba wengine wanazidharau. Mimi sizidharau. Zinanukia mtu aliyetoka kuoga, na mtu anayekwenda kazini anahitaji nini zaidi ya hapo?

Ila ukiniuliza mimi ninayoipenda kuliko zote kwa kazi, ni Eau Sauvage ya Dior. Edmond Roudnitska aliitunga mwaka 1966, na ndani yake alitumia hedione, kemikali yenye harufu ya yasmini iliyo nyepesi sana, karibu hewa tupu. Ndiyo inayofanya limau lile lionekane lina nafasi, halikurukii usoni. Mdogo wangu alipoitwa kwenye usaili nilimpa hiyo. Nikamwambia ajipulizie mara moja tu kifuani, kabla ya kuvaa shati, nusu saa kabla ya kutoka nyumbani. Chumba cha usaili ni kidogo, mlango umefungwa, na wanaokuhoji hawajakuchagua bado. Wakukumbuke kwa majibu yako.

Anayetaka chupa moja tu kwa kila kitu humwonyesha Bleu de Chanel, iliyotoka mwaka 2010. Ina limau na balungi juu, tangawizi kidogo, na miti chini. Haitamshangaza mtu, lakini haitamwaibisha popote.

Sasa sikiliza hili kwa makini, maana ndilo kosa ninaloliona kila wiki. Pua yako huizoea harufu yako. Baada ya muda mfupi huisikii tena, na waliokuzunguka wanaisikia vizuri. Hali hii ni mbaya zaidi kwa manukato yenye ambroxan nyingi, kemikali ya harufu inayokaa sana, kama Sauvage ya Dior iliyotoka mwaka 2015 (si ile Eau Sauvage): mvaaji anadhani imeisha, anaongeza, na chumba kizima kinajua kwamba haikuisha. Usitumie pua yako kuamua kiasi. Hesabu. Mara mbili kwa kazini, mara tatu au nne kwa mahali pa wazi, basi. Mwombe mtu unayemwamini, asiyekuonea haya, akuambie ukweli akiwa hatua mbili kutoka ulipo.

Kuna mahali pa kutojipaka kabisa: wodi ya wagonjwa, safari ndefu ya ndege, na karibu na mtu mwenye pumu au anayeumwa kichwa kwa harufu kali. Sabuni inatosha. Na manukato hayafuti jasho, yanachanganyika nalo. Oga, jikaushe vizuri hasa kwapani, paka deodoranti isiyo na harufu, kisha ndipo uje kwenye chupa. Deodoranti yenye harufu yake kali itagombana na manukato uliyoyalipia.

Sherehe, baridi na mambo ya watu wawili

Joto hurusha harufu, baridi huituliza. Vanila, mdalasini, tumbaku na utomvu, ambavyo mchana wa jua kali vitawakaba watu koo, katika hewa ya baridi vinakuwa vizuri sana. Spicebomb ya Viktor & Rolf ya mwaka 2012, yenye mdalasini, tumbaku na harufu ya ngozi kama ya mkanda, ni ya hali hiyo. Le Male ya Jean Paul Gaultier pia, ile ya mwaka 1995 iliyotungwa na Francis Kurkdjian: mnanaa na lavanda kwa juu, kisha vanila tele. Ukijua utacheza muziki, toa pulizo moja katika hesabu yako, maana mwili ukipata moto utaisambaza wenyewe.

Udi ni mlango mwingine. Mti wa jamii ya Aquilaria ukishambuliwa na kuvu hujitetea kwa kutoa utomvu mzito wenye rangi ya giza, na ndio unaonukia. Anayeanza na udi huwa namwonyesha Oud Wood ya Tom Ford ya mwaka 2007, ambayo imelainishwa kwa msandali na iliki. Akiipenda, aende mbele kwenye udi mkali. Asianzie huko.

Bwana harusi namshauri jambo moja: usivae chupa uliyoinunua wiki hiyo bila kuijaribu kutwa nzima kwenye ngozi yako. Utakumbatiwa na watu wengi, utatoka jasho, utakaa kwenye suti saa nyingi. Vaa uliyoijua. Lakini kama una muda wa kuijaribu mapema, chagua ambayo hujawahi kuivaa hadharani, kwa sababu harufu hushikana na kumbukumbu kwa nguvu sana, na mkeo atabaki na harufu inayomkumbusha siku ile tu.

Msibani usiende ukinukia sukari. Vetiva kidogo, au usipake.

Kwa mkutano wa watu wawili hakuna umbali tena, na hapo wanaume huzidisha wakati walitakiwa kupunguza. Tafuta miski laini au uturi wa mafuta. Uturi hauna spiriti ya kuurusha hewani, kwa hiyo hukaa juu ya ngozi na kumngoja aliyekaribia. Tone moja nyuma ya kila sikio.

Kupaka na kutunza

Jipulizie kwenye ngozi safi, chupa ikiwa umbali wa kiganja hivi, kifuani na pande za shingo au nyuma yake. Ukipulizia kifuani chini ya shati, nguo huichuja harufu na kuitoa polepole. Kwa ofisini hakuna njia bora kuliko hiyo. Usisugue mikono. Kusugua kunaharakisha zile harufu za juu kuondoka, nazo umezilipia. Ngozi kavu haishiki harufu, kwa hiyo tangulia na losheni isiyonukia. Nguo hushika muda mrefu kuliko ngozi, lakini jaribu kwanza kwenye pindo la ndani, maana manukato yenye rangi huacha doa kwenye shati jeupe na kwenye hariri. Na kama utashinda juani, weka sehemu iliyofunikwa na nguo: mafuta ya bergamoti yasiyosafishwa yana bergapten, ambayo ikipigwa na jua inaweza kuacha mabaka meusi kwenye ngozi.

Chupa haikai bafuni. Joto, mvuke na mwanga vinaiharibu, na limau ndilo linaloanza kuchacha. Irudishe kwenye boksi lake, uiweke kwenye droo.

Kuhusu ukubwa, pulizo moja ni kama sehemu ya kumi ya mililita. Chupa ya mililita 50 basi ina mapulizo kama 500, na mtu wa mapulizo mawili kwa siku ataitumia zaidi ya miezi minane. Kwa hiyo usikimbilie chupa kubwa kwa sababu tu kila mililita imekuwa nafuu. Anza na ya 30, uimalize, kisha uamue. Ukisafiri kwa ndege, viwanja vingi havikuruhusu kuingia na chupa inayozidi mililita 100 kwenye mzigo wa mkononi, hata kama imebaki nusu. Hiyo ifunge kwenye mfuko wa plastiki, uiviringe ndani ya nguo nzito na uipeleke na sanduku kubwa.