Kupima mimea ya msitu wa kinamasi: mfano wa Jozani, Unguja

Msitu wa Jozani umekaa bondeni, maji yakiwa karibu kabisa na uso wa ardhi. Masika sehemu zake hufurika, kiangazi unapita humo mguu mkavu. Ukipanda kidogo tu kwenye mawe ya matumbawe, mimea inabadilika. Kwa hiyo usianze na orodha ya miti, anza na maji. Hatua hizi zinafaa pia Ngezi, Pemba, penye vinamasi vya miwale (miti ya jamii ya minazi).

Chukua kibali cha idara ya misitu kwanza. Beba futikamba ya mita 50, futi ya fundi cherehani, kamba, GPS, magazeti ya zamani, spiriti na penseli. Kalamu ya wino iache nyumbani, maana karatasi ikilowa maandishi yanapotea.

Nyosha mstari kutoka ukingo mkavu hadi palipo na maji zaidi, si sambamba na maji. Ukiupitisha sambamba utapima jamii moja ya mimea tena na tena na kudhani msitu wote uko hivyo. Juu ya mstari weka viwanja vya mita 20 kwa 20. Pima pembe kwa pembe: pande zote nne zikiwa na urefu mmoja, na kila mshazari ukitoa mita 28.3, kiwanja ni mraba. Ndani yake tenga mita 5 kwa 5 kwa miche mikubwa, na mita 1 kwa 1 kwa makangaga na miche midogo.

Kila mti wenye mzunguko wa sentimita 31.4 au zaidi, yaani kipenyo cha sentimita 10, upime kwenye urefu wa mita 1.3 kutoka chini. Mkadi ndio unaowakosesha wengi, kwa kuwa umesimama juu ya mizizi mirefu kama miguu. Upime sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa, tena uhesabu mmea mmoja, si kila mguu. Kwa mwale, andika idadi ya mashina na idadi ya vichaka mbali mbali. Shina la mwale huzaa mara moja kisha hufa, basi ukikuta mashina makavu usikimbilie kuandika kwamba yameuawa na mafuriko.

Mtondoo (Calophyllum inophyllum) utaujua kwa jani: limekaa jozi jozi, nene, linang'aa, na mishipa yake ya pembeni ni myembamba mno, imebanana kama meno ya kitana. Ukikuta mitondoo imejipanga kwa mistari, shuku kwamba ilipandwa, ukaiandike hivyo. Mtomondo (Barringtonia racemosa) majani yake yamekusanyika nchani mwa tawi, na maua yananing'inia kwa shada refu. Hufunguka usiku, kwa hiyo mapema asubuhi angalia chini kwanza, utakuta yaliyoanguka.

Uwazi wa juu upime kwa kipande cha bomba ulichokishika wima. Simama kwenye vituo 25 vilivyogawanywa sawa kiwanjani. Kila kituo unachoona mbingu katikati ya bomba ni asilimia 4. Macho matupu hudanganya, hasa jua likiwa kali.

Sasa maji. Toboa matundu kwenye bomba la plastiki la inchi 2, livike kitambaa, lizamishe mita 1.5 au mpaka ufike mwamba. Usisome kina cha maji siku hiyo hiyo, maana udongo mzito huachia maji polepole. Rudi kesho. Chumvi ipime kwa maji ya chini ya bomba, kwani ya mvua huelea juu ya yale mazito na kipimo kitaonyesha maji matamu. Kangaga kubwa lenye vijani vya nchani vilivyofunikwa unga wa kahawia upande wa chini (Acrostichum aureum) ni dalili ya chumvi kukaribia.

Sampuli za majani zikandamize siku hiyo hiyo, na magazeti yabadilishe kila siku, la sivyo ukungu utazila. Ukiwa mbali, zilowanishe kwa spiriti ndani ya mfuko uliofungwa. Rangi ya utomvu na ya ua iandike papo hapo, maana hupotea.

Idadi ya miti ya kiwanja kimoja zidisha kwa 25, upate idadi kwa hekta. Mabomba yaache mahali pake, yafunike juu mvua isiingie, ukayasome tena masika.