Unaogopa oparesheni ya uzazi? Dawa ya kutuliza uombe hivi, na mtoto awe salama

Tuanze na kitu kimoja watu wengi wanachanganya. Sindano ya mgongo ni ganzi, inaua maumivu kuanzia kifuani kushuka chini ila kichwa kiko macho kabisa, unasikia mikasi inagonga trei na mtu anauliza saa ngapi sasa hivi. Dawa ya kutuliza ni kitu kingine, kama midazolamu, inapita kwenye dripu, unalegea, woga unashuka. Nusu kaputi ndio ile ya kulala fofofo.

Sasa ishu ni kwamba dawa ya kutuliza inavuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Diazepamu ndio ya kuangalia zaidi maana mtoto mchanga anachukua muda mrefu sana kuitoa mwilini, anaweza akazaliwa amelegea, wa baridi, kunyonya kwenyewe kwa kujivuta. Dozi moja ndogo ya midazolamu kwa kawaida haileti balaa hilo, lakini bado madaktari wengi wanasubiri kitovu kibanwe kwanza, maana kikishabanwa njia ya kwenda kwa mtoto ndio imefungwa.

Kwa hiyo ongea na daktari wa usingizi mapema, sio ukiwa umeshalazwa mezani. Mwambie una hofu, dawa unazotumia, kama una mzio, kama ukilala unakoroma mpaka pumzi inakatika. Muulize kabla mtoto hajatoka tutafanya nini na akishatoka tutafanya nini. Mara nyingi mtu wa kukushika mkono na nesi anayekwambia kinachoendelea hatua kwa hatua vinatosha kabisa. Na tafadhali usimeze kidonge cha usingizi nyumbani kwa siri!

Utasikia kuvutwavutwa, kama mtu anapekua begi tumboni mwako, hiyo kawaida. Maumivu makali sio kawaida, sema hapo hapo kwa sauti, na usikubali kutulizwa tu wakati ganzi haijashika, maana dawa ya kutuliza haiondoi maumivu, unapoa tu huku unaumia.

Ikibidi upewe dawa ya kutuliza kabla mtoto hajatoka, anayempokea mtoto lazima aambiwe, awe na mfuko wa kumpulizia hewa tayari pembeni. Watampima kwa alama za Apgar dakika ya 1 na ya 5, kila mara anapewa alama kati ya 0 na 10, wakiangalia rangi, mapigo ya moyo, pumzi, ukakamavu na anavyoitikia akiguswa.

Kitu ambacho hawakwambii sana, midazolamu inafuta kumbukumbu. Unaweza kumshika mwanao, ukambusu, kesho hukumbuki kitu. Mwambie uliyenaye apige picha.

Kunyonyesha, ukishaamka vizuri unaweza kuanza, dozi moja haizuii. Ila kama bado una usingizi mtu akae pembeni yako wakati umempakata, na mtoto akiwa mgumu kuamka, hanyonyi au pumzi zake hazieleweki, ita nesi saa hiyo hiyo hata kama ni saa tisa usiku.