SOMO: Jinsi ya kufuatilia jina la ukoo la Kiayalandi, tunaanza na Kearney

Wakuu salaam. Kogelo kwa baba yake Obama tunakujua wote, ila upande wa mama yake yuko babu mmoja, Falmouth Kearney, mtoto wa fundi viatu wa Moneygall, County Offaly, Ireland, alipanda meli akaingia New York 1850 akiwa kijana wa miaka 19, njaa iliyoletwa na ugonjwa wa viazi bado inamaliza watu kwao. Tushike jina lake.

1. Lirudishe kwenye Kigaeli, lugha ya asili ya Ireland. Kearney ni jinsi makarani wa Kiingereza walivyolisikia, na wakalifyeka lile Ó la mbele ambalo maana yake ni mjukuu au uzao wa fulani. (Mac ni mwana wa.)

2. Hapa ndo patamu, linatoka kwenye majina mawili tofauti kabisa! Ó Catharnaigh, uzao wa mtu wa vita, na Ó Cearnaigh, uzao wa mshindi.

3. Uliza wametokea wapi. Ó Catharnaigh walitawala Teffia, eneo la zamani katikati ya Ireland, baadaye wengine wakaitwa Fox kwa sababu chifu wao alibandikwa jina la mbweha. Ó Cearnaigh wako Mayo na wengine Cashel, Tipperary. Moneygall imepakana na Tipperary lakini ujirani peke yake sio ushahidi, usikimbilie kuandika.

4. Nenda kwenye vitabu. Sensa ya 1901 na 1911 ni bure mtandaoni, za nyuma karibu zote hazipo, nyingine serikali yenyewe iliziharibu, nyingine ziliungua na jengo la kumbukumbu Dublin 1922, inauma sana. Ukoo wa Obama ulithibitishwa na vitabu vya kanisa la Anglikana vilivyosalimika.

MASWALI

Mkuu, O ya O'Brien ni sawa na ya Otieno?
Hapana ndugu yangu. Otieno ni mwanaume aliyezaliwa usiku, jina lake mwenyewe. O'Brien ni uzao wa Brian Boru, mfalme wa Ireland aliyeuawa kwenye vita vya Clontarf 1014.

Na mabinti?
Kwa Kigaeli binti anatumia Ní badala ya Ó.

Kearney na Carney ni ndugu?
Wanaweza kuwa au wasiwe, spelling ilikuwa sikio la karani, rudi hatua ya 3.

Nimeona wanauza nembo ya ukoo, ninunue?
Okoa hela yako mkuu, nembo hupewa mtu na uzao wake, sio kila mwenye jina hilo.