Kuchagua mashine ya kung'arishia rangi ya gari na pedi zake, kwa wenye magari wa Tanga

Miaka michache iliyopita nililipeleka gari langu la buluu iliyokoza kwenye gereji moja hapa Tanga ili liondolewe ile mikwaruzo midogo inayoonekana kama utando wa buibui jua linapopiga juu ya boneti. Kazi ilifanyika saa saba mchana, uwanjani, kwa mashine ya kuzunguka iliyofungwa pedi ya sufu, na nilipolifuata jioni nilikuta mkunjo wa boneti umeliwa klia yote, yaani lile tabaka angavu linalofunika rangi, rangi ya chini imebaki wazi na imepauka. Ilibidi boneti ipakwe upya. Fundi yule alikuwa na mashine moja na aina moja ya pedi kwa kila gari lililoingia getini, na kifaa kilichofaa kwa pikapu ya jirani ndicho kilichoharibu gari langu. Tangu siku hiyo nimejifunza kazi hii kwa mikono yangu mwenyewe, na ninamwandikia mtu anayetaka kununua mashine yake ya kwanza, kwa sababu fedha nyingi hupotelea kwenye mashine yenye nguvu kubwa ilhali pedi, ambazo ndizo zinazogusa rangi, hununuliwa mbili tu na kwa kukisia.

Kabla ya kuuliza bei ya chochote, fahamu unachokwenda kukikata. Magari mengi ya kisasa yana tabaka la klia juu ya rangi yenyewe, na klia hiyo ikitoka kiwandani huwa na unene wa takriban maikroni 35 hadi 50, yaani karibu nusu ya unene wa karatasi ya kuandikia. Kung'arisha ni kuipunguza klia hiyo kidogo mpaka uso wake ulingane na vina vya mikwaruzo, na kila kinachoondolewa hakirudi. Ndani ya klia mna viambata vinavyozuia mionzi ya jua isiiharibu rangi, kwa hiyo katika mji wa mwambao kama wetu, ambako gari hushinda kwenye jua kali na upepo wa chumvi, klia iliyopunguzwa kupita kiasi huanza kubabuka mapema. Magari yetu mengi yametoka Japani yakiwa yameshatumika, na mnunuzi hana njia ya kujua yalikwisha kupigwa polishi mara ngapi kabla ya kupanda meli. Kipima unene wa rangi husaidia: kwenye bati la chuma husoma tabaka zote kwa pamoja, na kipimo cha maikroni 100 hadi 150 ni cha kawaida kwa rangi ya kiwandani, wakati kipimo kinachozidi 250 mara nyingi huashiria kupakwa upya au kuwepo kwa puti, ile lipu ya kusawazishia bati lililobonyea. Pakisoma chini ya 80, mimi huacha mikwaruzo ilivyo. Bampa la plastiki halisomeki kwa kipimo cha kawaida, kwa hiyo lichukulie kuwa lina rangi nyembamba. Ukisugua sehemu ndogo kwa kitambaa cheupe chenye polishi na kitambaa kikachukua rangi ya gari, basi gari hilo halina klia, na hapo unakata rangi yenyewe.

Mashine zenyewe ni za aina tatu. Ya kwanza huzungusha pedi kwenye mhimili mmoja tu, kwa kasi inayorekebishwa kati ya mizunguko 600 na 3,000 hivi kwa dakika. Hukata haraka, lakini joto hukusanyika mahali pamoja, na mkono usio na uzoefu huacha mistari ya mawimbi inayoonekana vizuri zaidi kwenye rangi nyeusi. Ya pili ni ya mizunguko miwili: pedi huyumba kuuzunguka mhimili huku ikijizungusha yenyewe bila kulazimishwa, na ukiikandamiza kupita kiasi huacha kuzunguka na kubaki ikitetemeka tu. Udhaifu huo ndio usalama wake, na kwa sababu hiyo sioni haja ya kumshauri anayeanza anunue nyingine. Ya tatu nayo huyumba na kuzunguka, ila mzunguko wake unalazimishwa na gia. Haisimami, inakata vizuri, inatikisa mikono, na inafaa kwa mtu aliyekwisha kuizoea ile ya pili. Kampuni kama Makita ya Japani, Flex ya Ujerumani na Rupes ya Italia hutengeneza mashine nzuri za kazi hii. Grenda ya kukatia chuma usiifunge pedi kwa hali yoyote, kwani nyingi huzunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika, na kasi hiyo huunguza klia kabla hujaondoa mkono.

Katika mashine za mizunguko miwili, kipimo cha kuangalia kuliko wati ni upana wa myumbo. Myumbo wa milimita 8 ni mpole na humalizia vizuri lakini hukata polepole; wa milimita 15 hufaa karibu kila sehemu ya gari; wa milimita 21 hufanya kazi haraka juu ya paa na boneti pana, ila kwenye sehemu za kujipinda pedi yake husimama mara kwa mara. Kwa gari dogo la nyumbani, chaguo langu ni milimita 15 na sahani ya kushikia pedi yenye kipenyo cha milimita 125. Sahani ya milimita 75 utaihitaji baadaye kwa nguzo za milango na pembe za bampa, lakini usiifunge kwenye mashine iliyosawazishwa kwa sahani kubwa mpaka uhakikishe mtengenezaji ameiruhusu, kwa kuwa uzito unaosawazisha mtikisiko ndani yake umepimwa kwa sahani maalumu. Soma pia kibao cha umeme. Mashine iliyotoka Japani hutaka volti 100 na ya Marekani volti 120, nayo soketi zetu zina volti 230. Bila transfoma itaungua siku ya kwanza.

Sasa pedi, ambako ndiko kazi inakoamuliwa. Pedi ya sufu hukata kwa nguvu, na kwa kuwa hewa hupita kati ya nyuzi zake haipati joto haraka kama sponji. Huacha ukungu unaohitaji kuondolewa kwa pedi nyingine, hivyo itumike kwa mikwaruzo mizito au baada ya msasa wa maji. Pedi ya maikrofaiba hukata karibu sawa na hiyo kwenye mashine ya mizunguko miwili, lakini kwenye rangi laini iliyokoza nayo huacha ukungu. Sponji huja ngumu ya kukata, ya wastani na laini ya kumalizia. Usichague sponji kwa rangi yake, kwani ya manjano ya kampuni moja inaweza kuwa ngumu na ya nyingine ikawa laini. Soma maelezo ya mtengenezaji, kisha ibonyeze kwa kidole. Chagua sponji isiyo nene sana, maana nene hunywa myumbo wa mashine kabla haujafika kwenye rangi. Tundu la katikati ni jambo jema, kwa sababu katikati ndipo joto hujikusanya. Pedi izidi sahani pande zote, ili ukingo wa plastiki usije ukaigonga rangi. Kwa sahani ya milimita 125, pedi ya milimita 140 inatosha.

Hapa Tanga nimewahi kuulizwa kama gurudumu la mkonge linaweza kutumika kwenye bodi ya gari. Ni kweli kwamba kitambaa cha mkonge hutumika viwandani kung'arisha chuma, na huifanya kazi hiyo vizuri, lakini nyuzi zake ni kali mno kwa klia.

Kwa gari moja nunua sponji tatu au nne za wastani, mbili za kukata na mbili za kumalizia. Idadi hiyo ina sababu yake: pedi ikijaa kampaundi (polishi nzito ya kukatia) na klia iliyosagika huacha kukata na kuanza kukwaruza, nayo ikipata joto, gundi ya velkro, kile kitambaa cha kunasia kinachoishika pedi kwenye sahani, huachia. Ibrashi kila unapomaliza eneo moja, na ibadilishe ikiwa imelowa au ina joto mkononi.

Ukishakuwa na vifaa, jaribu kabla ya kuanza gari zima. Lioshe kwa maji mengi, hasa kama hupita nyuma ya malori ya saruji ya Pongwe au kwenye barabara ya vumbi, kwa sababu chembe iliyobaki itasagwa na pedi juu ya klia. Fanya kazi kivulini, bati likiwa baridi. Funika mikunjo na kingo kwa utepe wa karatasi, maana hapo klia ni nyembamba zaidi. Chora mstari kwa kalamu ya wino mzito pembeni mwa sahani, ili uone kama pedi inazunguka au imesimama. Kwenye eneo la sentimita 40 kwa 40 anza na sponji laini na polishi nyepesi, pitisha polepole kwa mistari inayokatana, futa kwa spiriti, kisha angalia kwa tochi. Kama mikwaruzo imebaki, panda hadi sponji ya wastani, na ya kukata iwe ya mwisho. Mchanganyiko wa kwanza utakaotosha ndio utakaoutumia kwenye gari zima, hata kama wenye nguvu zaidi ungemaliza mapema.

Jioni osha pedi kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, zikamue bila kuzisokota, na zianike kivulini penye upepo. Unyevu wa pwani huchelewesha ukavu wake, kwa hiyo zipe siku mbili kabla ya kuzifungia kwenye mfuko. Zikifungwa mbichi zitaota ukungu, na sponji iliyooza huacha vipande vyake juu ya boneti.