Kufunga redio mpya kwenye Toyota ya Japani: usiziamini rangi za waya

Jumamosi nilikuwa Ilazo, Dodoma, kwa shemeji yangu, tumeifungua dashibodi ya Toyota Ist yake chini ya mwarobaini. Redio iliyokuja na gari ilikuwa nzima kabisa. Tatizo ni kwamba FM ya Japani inaanzia 76 MHz na redio zao za zamani zinaishia 90, wakati stesheni zetu ziko kati ya 88 na 108. Unabaki na kijipande cha 88 hadi 90 tu. Wapo wanaofunga kile kidude cha kushusha masafa kwenye waya wa antena. Kinafanya kazi, ila namba unayoiona kwenye kioo si ya stesheni unayoisikiliza, na mimi hilo linanikera. Nikamwambia anunue redio nyingine tufunge wenyewe.

Vitu vya kuwa navyo

Spana boksi namba 10, bisibisi ya nyota, kipande cha plastiki cha kubandulia kava, mita ya kidijiti ya kupimia umeme, betri moja ya saa ya ukutani (ile ya volti 1.5), kifaa cha kulehemu na risasi yake, na mirija ya plastiki inayosinyaa kwa joto. Testa ya taa iache nyumbani. Inakwambia moto (umeme) upo, haikwambii ni volti ngapi.

Nunua pia soketi ya Toyota yenye nyaya zake, ile ya pini 10 na ya pini 6. Ni vijisenti ukilinganisha na bei ya redio, na soketi ya gari inabaki kama ilivyotoka kiwandani. Fundi anayefika kwako na kukata soketi ya gari kabla hata ya kuwasha mita, mpe soda anywe, mshukuru, aende.

Hatua ya 1: Hakikisha itaingia

Redio za kawaida za kioo kikubwa zina upana wa milimita 178, lakini nafasi ya Toyota nyingi za Japani ni 200. Chukua redio ya 200, au ya 178 pamoja na vile vipande vya kuziba pembeni. Na kama gari ni Canter au Fuso, pima betri kwanza: nyingi ni volti 24, na redio ya volti 12 itaungua siku hiyo hiyo.

Hatua ya 2: Toa hasi ya betri

Legeza terminali ya hasi, kaa pembeni angalau sekunde 90, ndipo uingize mkono. Soketi za rangi ya njano humo ndani ni za eabegi, ile mifuko ya hewa inayofumuka gari likigonga. Usizishike.

Hatua ya 3: Toa redio ya zamani

Kava linavutwa, bolti nne za namba 10 zinafunguliwa, redio inatoka na mabano yake. Kwa shemeji ilitoka pamoja na sarafu mbili za shilingi mia, risiti ya maegesho na vumbi jekundu la Dodoma la kutosha kuotesha mchicha.

Hatua ya 4: Tambua kila waya

Hapa ndipo nilipopoteza siku nzima miaka ya nyuma, kwa hiyo nivumilie.

Redio mpya karibu zote zina mpangilio mmoja wa rangi. Njano ni moto wa kudumu, unaotunza saa na stesheni. Nyekundu ni moto wa swichi, unaokuja ukizungusha ufunguo. Nyeusi ni bodi, yaani hasi inayopita kwenye chuma cha gari. Nyeupe ni spika ya mbele kushoto, kijivu mbele kulia, kijani nyuma kushoto, zambarau nyuma kulia. Kila mmoja una mwenzake wa rangi hiyo hiyo wenye mstari mweusi, huyo ndiye hasi wa spika.

Sasa geukia upande wa gari. Kwenye Toyota nyingi, moto wa kudumu ni bluu yenye mstari wa njano, moto wa swichi ni kijivu, na bodi ni kahawia. Halafu kwenye soketi ndogo ya pini 6 unakuta nyekundu, nyeupe, nyeusi na njano. Macho yanafurahi: si hizi hapa! Hapana. Hizo nne ni spika za nyuma. Nyekundu na nyeupe ni za kulia, nyeusi na njano ni za kushoto.

Gari langu la kwanza, fundi aliyenitangulia alikuwa ameshakata soketi. Nyaya za moto nilizipima, kwa sababu moto unaogopesha. Bodi sikuipima. Nikaona nyeusi upande huu, nyeusi upande ule, nikaziunganisha. Redio ikawaka vizuri, nikajisifu. Kisha nikaona spika ya nyuma kushoto haiongei. Nikipandisha sauti redio inajizima na kujiwasha. Injini ikiwaka kuna mluzi kwenye spika, unapanda kila nikikanyaga mafuta. Nikabadilisha fyuzi. Nikabadilisha spika. Nikamsema vibaya aliyeniuzia redio, Mungu anisamehe. Jioni, nikiwa nimechoka, nikachomoa antena ili niitoe redio nimrudishie. Redio ikazima palepale. Nikarudisha antena, ikawaka.

Ganda la waya wa antena limeshikana na bodi ya gari. Redio ilikuwa haina hasi yake, inaazima kwa antena, na kijiwaya kile hakiwezi kubeba umeme wa redio inayoimba kwa nguvu. Waya wa kahawia ulikuwa unaning'inia tu, nimeukunja kwa teipu nikidhani hauna kazi.

Kwa hiyo pima hivi. Rudisha hasi ya betri. Weka mita kwenye volti za DC, 20. Ncha nyeusi ya mita iguse chuma kitupu cha bodi, kisichopakwa rangi.

Waya unaosoma kama volti 12.5 hata ufunguo ukiwa mfukoni ni moto wa kudumu. Unaosoma sifuri, kisha ukapanda ufunguo ukifika ACC (kituo cha kabla ya kuwasha injini), ni moto wa swichi. Ukivigeuza hivi viwili, redio itasahau saa na stesheni kila ukizima gari. Na usikubali ule ujanja wa kufunga njano na nyekundu pamoja kwenye moto wa kudumu ili redio iimbe bila ufunguo. Siku utakayosahau kuizima, asubuhi utatafuta wa kukusukuma.

Bodi ina mitego miwili. Watu wengi wanaweka mita kwenye mlio na kutafuta waya unaolia ukiugusisha na chuma au na waya mwingine. Lakini mita nyingi zinalia hata kwenye ukinzani mdogo, na spika ina ohmu 3 au 4 tu, kwa hiyo nyaya mbili za spika zikishikwa pamoja zinalia kama bodi. Soma namba, usisikilize mlio. Mtego wa pili tulikutana nao Ilazo. Shemeji ndiye alikuwa ameshika mita.

"Shem, huu hapa wa kijani, unalia."

"Washa taa ndogo, kisha pima volti."

Akawasha, mita ikaruka hadi 12. Waya wa kijani ni wa mwanga wa dashibodi. Taa zikiwa zimezimwa, mita inapita ndani ya vitaa vyote na kuifikia bodi. Angeufunga kama hasi, usiku wa kwanza tu fyuzi ya taa ingeondoka. Akaniangalia, akacheka, akahamia kwenye kahawia bila kuambiwa.

Uhakikisho wangu wa mwisho ni huu: ncha nyekundu ya mita kwenye moto wa kudumu, nyeusi kwenye waya unaodhani ni bodi. Taa zizimwe, ziwashwe. Ikisoma volti za betri mara zote mbili, ndio wenyewe.

Spika ni rahisi. Soketi ikiwa haijachomekwa kwenye redio, gusisha betri ya saa kwenye jozi ya waya kwa sekunde moja. Spika itatoa "tap", na mtu aliyekaa nyuma atakwambia ni ipi. Koni (ile karatasi ya spika inayotikisika) ikisukumwa nje, upande uliogusa chanya ndio chanya. Hasi ya spika usiifunge kamwe kwenye bodi, hata kama baba yako alifanya hivyo kwenye Land Rover. Redio za sasa zinaua amplifaya zake hivyo.

Hatua ya 5: Unga

Toa tena hasi ya betri. Lehemu, vuta mrija, pasha usinyae. Kusokota na kuzungushia teipu hapa kwetu hakudumu: gari likilala juani mchana wa Oktoba, gundi inayeyuka, teipu inateleza kama ganda la ndizi, na nyaya zinabaki uchi zikigusana nyuma ya redio.

Hatua ya 6: Waya wa bluu

Antena ikiwa imechorwa kwenye kioo cha gari, kwa kawaida ina kikuza mawimbi kinachohitaji moto. Waya wa bluu wa redio ndio unaokilisha. Ukiuacha, FM itakuwa na mikwaruzo hata ukiwa katikati ya mji, nawe utailaumu redio.

Hatua ya 7: Jaribu kabla ya kufunga kava

Kila spika peke yake. Zima gari, washa, angalia saa. Washa taa. Chomoa antena: redio isizime. Kisha rudisha bolti. Sisi tulirudisha zote nne, ikabaki ya tano ambayo hadi leo hatujui ilitoka wapi. Shemeji ameiweka pale zilipokuwa zile sarafu.